Mjadala: Programu zetu ziandike saa ya nani?

Mwanzilishi, Kisumu: Wadau, nalileta hili kwa sababu linagusa afya za watoto. Chukueni meseji ya kliniki kama hii: "Mlete mtoto chanjo 03/04/2025 saa 02:00." Mama wa Kondele ataisoma saa mbili asubuhi. Kliniki ilimtaka saa nane mchana, ila aliyeandika programu alitumia msimbo %I, unaotoa saa 01 hadi 12, akaacha %p, unaoongeza AM au PM. Tarehe nayo? Kwetu ni Aprili 3. Kwa programu iliyopangwa Kimarekani, ni Machi 4!

Msimamo wangu: meseji ya mwananchi iandikwe kwa maneno, "Alhamisi 3 Aprili 2025, saa nane mchana". Misimbo hiyo ni ya strftime, amri ya programu inayogeuza tarehe na saa kuwa maandishi. Haina herufi ya saa yetu, lakini hesabu ni nyepesi. Chukua %H, inayotoa saa 00 hadi 23, ongeza 6, kisha toa 12 mpaka ubaki na 12 au pungufu. 14 inakuwa 20, halafu 8.

Mtengeneza programu, Nakuru: Napinga, ndugu yangu. Tuandike 2025-04-03 14:00, tarehe ikifuata ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa ambayo ipo tangu 1988. Haina Machi wala Aprili ya kubishania, na faili zikiitwa hivyo zinajipanga zenyewe. Halafu usiku utaufanyaje? Basi la Busia kwenda Nairobi likiondoka Ijumaa 01:00, ukaandika "Ijumaa saa saba usiku", abiria atafika stendi Ijumaa usiku na basi liliondoka usiku uliotangulia.

Mwanzilishi: Hoja ya usiku ni nzito, na ndiyo watu wengi huisahau. Lakini lugha ina jibu lake: usiku wa kuamkia Ijumaa. Saa ya %H ikiwa chini ya 6, programu itangulize maneno hayo mbele ya jina la siku linalotolewa na %A. Kwenye hifadhidata weka ISO, hilo sina ugomvi nalo. Ninachokataa ni kumtupia mama kile kilichotengenezewa mashine. Aliyezoea saa za Kiswahili akiona 08:00 anasoma saa nane, na hakuna neno lolote hapo la kumzuia.

Karani wa zahanati, Kakamega: Naunga mkono maneno, ila msiifute saa ya tarakimu. Kuna vijana wanaoweka kengele ya simu kwa kunakili namba ilivyo. Andikeni "saa mbili asubuhi (08:00)". SMS moja ina herufi 160, nafasi ipo. Neno "asubuhi" ndilo lisikosekane kamwe, hata kwenye kadi ninazojaza kwa mkono.

Mtengeneza programu, Nakuru: Karani, kwa kliniki nakubali. Kwa tiketi za basi bado nataka saa 24 ziwe juu, maneno chini. Na yeyote atakayeandika hii programu aangalie herufi zake: kwenye strftime %m ni mwezi na %M ni dakika, kwenye Java, lugha ya kuandikia programu, MM ni mwezi na mm ni dakika. Aijaribu pia kwa tarehe 30 Desemba 2024. Akiwa ameandika YYYY badala ya yyyy kwenye Java, atapata mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa, ambao hapo ni 2025, na mtoto ataitwa chanjo Desemba 2025.