Kwa nini saa za kwenda New York kutoka London hazilingani na saa za kurudi?

Msafiri Mgeni:
Ndugu wanajukwaa, umbali wa anga kati ya London na New York ni takriban kilomita 5,550, na ndege kubwa za abiria huenda kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Nikigawanya napata saa 6 na dakika 10. Mbona ratiba huonyesha takriban saa 8 za kwenda na saa 7 za kurudi, ilhali umbali ni uleule?

Kipimajoto:
Nadhani sababu ni Dunia kujizungusha. New York inaisogelea ndege au kuikimbia, kutegemea inakoelekea.

Hesabu Kwanza:
Hapana, ndugu Kipimajoto. Hewa huzunguka pamoja na Dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kama hoja yako ingekuwa sahihi, safari ya kuelekea magharibi ndiyo ingekuwa fupi. Sababu kubwa ni mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, katika kimo cha kilomita kumi hivi, ambako ndege hizi hupita. Tuchukue upepo wa kilomita 150 kwa saa: anayerudi London husafiri kwa kilomita 1,050 kwa saa na kufika baada ya saa 5 na dakika 17, ilhali anayekwenda hubaki na kilomita 750 kwa saa na kutumia saa 7 na dakika 24. Angalia kwamba upepo haujifidii: unaokoa dakika 53 upande mmoja na kupoteza dakika 74 upande wa pili, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba kali, ndege ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.

Zaidi ya hayo, muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, pamoja na kusubiri zamu ya kuruka au kutua.

Mwanaramani:
Niongeze kuhusu umbali wenyewe. Kilomita 5,550 hupimwa juu ya uso wa tufe, na ndiyo maana kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda kuelekea kaskazini, karibu na Newfoundland. Anayeshika mwelekeo mmoja wa dira, unaoonekana mnyoofu kwenye ramani za mabaharia, atasafiri kilomita 5,800 hivi. Hata hivyo, marubani hawafuati njia fupi kila siku. Njia za Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya kulingana na utabiri wa upepo, na mara nyingine njia ndefu ndiyo hufikisha mapema.

Msafiri Mgeni:
Nashukuru. Basi kuondoka London saa 5 asubuhi na kufika saa 8 mchana si safari ya saa 3?

Hesabu Kwanza:
Ni saa 8, kwa kuwa New York iko nyuma kwa saa 5. Ukiondoka huko saa 1 jioni, utafika London saa 1 asubuhi baada ya saa 7 tu angani na viwanjani. Isipokuwa kwa majuma machache ya Machi, na juma moja hivi karibu na mwanzo wa Novemba, ambapo tofauti huwa saa 4, kwa sababu nchi hizo mbili hazibadilishi saa zao siku moja.