Mjadala: Muhula ukiisha, mwalimu wa muda chuoni yuko likizo au hana kazi?

Mleta mada:

Ndugu wachangiaji, naleta suala la Marekani ambalo linawagusa pia wenzetu wanaofundisha Kiswahili katika vyuo vya huko kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Muhula ukiisha mwezi Mei, na mwalimu wa muda asiwe na mshahara mpaka mwishoni mwa Agosti, je, alipwe mafao ya bima ya ukosefu wa ajira, au ahesabiwe kuwa yuko likizo? Mimi naona hana kazi, na chuo ambacho hakikukubali kumhakikishia darasa hakina haki ya kuiambia serikali kwamba kimemhakikishia.

Mwaka 1970, Bunge la Marekani lilipoipanua bima hii iwafikie wafanyakazi wa vyuo vya umma, lilitaka wanaofundisha wasilipwe katika kipindi cha kati ya mihula au kati ya miaka ya masomo iwapo wana mkataba wa kurudi. Sheria ya leo inasema mkataba au uhakika wa kutosha. Kwa mwalimu wa kudumu sharti hilo lina mantiki, kwa sababu mshahara wake wa mwaka unajulikana na likizo imo ndani ya hesabu. Mwalimu wa muda hulipwa kwa darasa, na darasa lisipokuwepo hakuna malipo.

Itazameni barua anayopewa. Aya ya kwanza inampangia madarasa mawili ya muhula ujao, siku na saa zikiwa zimetajwa. Aya ya pili inasema kuwa yote hayo yanategemea idadi ya wanafunzi watakaojisajili, fedha zitakazopatikana na mabadiliko ya programu. Siku chache kabla ya masomo kuanza, darasa la mwalimu wa kudumu likikosa wanafunzi, yeye hukabidhiwa darasa la mwalimu wa muda ili atimize mzigo wake wa kazi, na aliyenyang'anywa hupigiwa simu kuambiwa asije. Wakati huo maombi yake ya mafao ya Juni yameshakataliwa, kwa kuwa chuo kilijibu kwamba ana uhakika wa kurudi.

California walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1989, katika kesi ya Cervisi iliyotokana na walimu wa muda wa chuo cha jamii (chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili) cha San Francisco, mahakama ya rufani iliamua kwamba ahadi inayotegemea usajili, fedha au mabadiliko ya programu si uhakika wa kutosha, na sheria ya jimbo sasa inasema hivyohivyo. Wizara ya Kazi ya shirikisho haikufika mbali kiasi hicho. Mwongozo wake wa Desemba 2016 unataka ahadi itolewe na mwenye mamlaka ya kuajiri, kazi iwe ya ngazi ileile, na malipo yasipungue chini ya asilimia 90 ya yale ya awali. Ikiwa ahadi ina masharti, huangaliwa kama yamo mikononi mwa chuo chenyewe, na kama kuna uwezekano mkubwa wa kazi hiyo kupatikana. Ni hatua nzuri, ila bado inamwacha mwalimu wa jimbo moja alipwe na wa jimbo jingine anyimwe kwa barua zinazofanana neno kwa neno.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada, heshima yako. Mimi nimewahi kupanga ratiba za chuo, kwa hiyo naomba tulitazame na upande wa pili. Mwalimu aliyefundisha somo lilelile kila muhula kwa miaka kumi anajua kwamba atarudi, na idara inajua, hata kama barua imejaa masharti ya kisheria. Bima iliwekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi bila kosa lake. Haikuwekwa ili kuziba pengo la kalenda ambayo mtu aliijua siku alipoajiriwa. Zaidi ya hapo, vyuo vingi vya umma havichangii mfuko wa bima hii kama kampuni zinavyochangia, bali huurudishia kila dola iliyolipwa kwa mfanyakazi wao. Dola hizo zinatoka katika bajeti ileile inayofungua madarasa. Tukiwalipa wote, madarasa yatapungua, na atakayeumia wa kwanza ni huyohuyo unayemtetea.

Mleta mada:

Mkuu, hoja ya fedha naipokea, maana ndiyo nzito, ingawa tusiikuze kupita kiasi: kiwango cha juu cha mafao cha California ni dola 450 kwa wiki, hakijapanda tangu 2005, na mwenye madarasa mawili aghalabu hakifikii. Na usisahau kwamba sheria ya jimbo hilo inamzuia mwalimu wa muda kuvuka asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu katika wilaya moja ya vyuo vya jamii, ndiyo maana wengi hukimbizana na barabara kuu kati ya vyuo viwili au vitatu, kila kimoja na barua yake yenye masharti.

Kuhusu miaka kumi, hapo ndipo sikubaliani nawe. Ikiwa idara ina hakika kiasi hicho, iyafute masharti katika barua za madarasa yanayojaa kila mwaka. Ikifanya hivyo mwalimu hatastahili mafao, na chuo hakitarudisha hata senti. Hakifanyi hivyo kwa sababu kinataka kubaki na uhuru wa kulifuta darasa dakika ya mwisho, na uhuru huo una gharama ambayo kwa sasa anaibeba mwalimu peke yake. Kuna na hili, ambalo binafsi linanikera zaidi: mpishi au mfagizi wa chuo hichohicho akinyimwa mafao kwa madai kwamba atarudi, kisha asiitwe kazini, sheria ya shirikisho inataka alipwe wiki zote alizonyimwa. Mwalimu hakuwekewa kinga hiyo. Darasa likifutwa Agosti, Juni na Julai zake zimeshapotea.

Wewe uliyepanga ratiba, nisaidie katika hili: katika madarasa ya walimu wa muda uliyoyasimamia, ni mangapi ungekuwa tayari kuyatia saini mwezi Mei bila ile aya ya pili?