Naomba ushauri: nyoka wa kwanza wa kufuga, nianze na yupi?

Wakuu, habari zenu. Nataka kufuga nyoka kwa mara ya kwanza, na nimebaki na wawili: chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa, na nyoka wa mahindi wa Marekani. Wote hawana sumu, na wengi wao hawavuki sana mita moja na nusu.

Moyo wangu uko kwa chatu, mpole asiye na haraka. Kinachonitia shaka ni kususa. Anaweza kukataa chakula wiki nyingi, hata miezi, bila kuugua. Sasa mgeni kama mimi nitajuaje kwamba huku ni kususa tu na si ugonjwa? Mnampima uzito, au mnaangalia nini? Halafu anaweza kuishi miaka 20 hadi 30, si jambo la kuamua kwa mihemko.

Kizimba nitakiandaa kabla ya kumleta: maficho mawili, upande wa joto nyuzi 31 hivi na wa baridi 26, maji, themostati ya kudhibiti joto, na kufuli, maana hawa jamaa ni mafundi wa kutoroka. Taa ya joto au mkeka wa joto, kipi bora?

Nitachukua aliyezaliwa kizimbani tu. Wa porini mara nyingi huja na vimelea. Vibali nitafuatilia kwanza.

La mwisho, panya waliogandishwa: mnawayeyushaje, na nyoka mchanga apewe wa ukubwa gani? Mama watoto nyoka ameshamkubali, ila panya kwenye friji hataki hata kuwasikia.