Jeraha la mwiba wa sangara limetunga usaha: je, tuendelee na mwarobaini na asali?

Mkazi wa Igombe

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mvuvi hapa Igombe, Mwanza, alichomwa unyayoni na mwiba wa pezi la sangara wiki iliyopita wakati wakishusha samaki mwaloni. Tundu lilikuwa dogo na damu ilikatika upesi, hivyo akaendelea kwenda ziwani. Sasa mguu umevimba hadi kwenye kifundo, ngozi inang'aa na ina joto, na ukibonyeza kando ya tundu unatoka usaha wenye harufu. Kila jioni mama humkanda kwa maji ya mwarobaini, kisha humbandika majani yaliyotwangwa na kuchanganywa na asali. Jirani naye anashauri tunyunyize majivu na unga wa kapsuli za rangi mbili ili kidonda kikauke. Mama anaiamini tiba yake kwa kuwa ametuponya michubuko mingi tangu utotoni, nami sipendi kumvunjia heshima. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama tuendelee, au hali hii imeshaizidi nguvu tiba ya nyumbani.

Muuguzi mstaafu, Nyamagana

Pole sana kwa kuuguza. Imeshaizidi, na ningeomba kijana apelekwe kituo cha afya leo hii.

Jeraha la kuchomwa lina mdomo mwembamba na kina kirefu. Mwiba huingiza ute wa samaki, tope na bakteria hadi ndani, kisha ngozi hujifunga juu yake, kwa hiyo majani mnayobandika yanabaki juu ilhali ugonjwa uko chini, na huenda hata kipande cha mwiba kimesalia humo. Mhudumu atalipanua tundu, atatoa usaha na kulisafisha, halafu ataamua dawa ya kumeza au ya sindano. Mwambieni wazi kwamba jeraha limetokana na samaki wa ziwani, kwa sababu wako bakteria wa maji yasiyo ya chumvi wasioguswa na antibiotiki kama ampisilini wala amoksilini. Ndiyo maana pia nasema unga wa kapsuli usinyunyizwe: haufiki panapotakiwa, na unagandamana na usaha ukafanya tundu lizibe zaidi.

Majivu ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote. Mbegu za vimelea vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, nazo hustawi ndani ya jeraha refu lisilopata hewa, kwa hiyo chochote kilichozolewa chini hakifai kugusa kidonda. Ulizieni chanjo. Wanawake wengi huchanjwa kliniki wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi walipata chanjo hiyo mara ya mwisho wakiwa wachanga, na kwa jeraha chafu kama hili mtu aliyepitisha zaidi ya miaka 5 tangu chanjo ya mwisho huchanjwa tena.

Mkiona mstari mwekundu unapanda mguuni, mtoki kinenani, homa ya kutetemeka, ngozi inayogeuka nyeusi au taya zinazokaza, msipitie zahanati; nendeni moja kwa moja hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Na kama ana kisukari, lisemeni hilo kabla ya yote.

Mfuga nyuki, Sengerema

Naongeza kuhusu asali, maana naona watu huikweza kupita kiasi au huidharau kabisa. Asali kweli huzuia bakteria: sukari yake nyingi huvuta maji, ina uchachu, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi. Hospitali katika nchi kadhaa huitumia kwenye vidonda na majeraha ya moto. Hata hivyo, asali hiyo hutakaswa kwa mionzi, kwa sababu asali ghafi inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo kuchuja kwa kitambaa hakuziondoi. Hii tunayouziana kwenye chupa za maji, hata ikiwa imetoka Tabora na ni safi machoni, ni ya kula. Nami ninayeiuza sithubutu kuimimina ndani ya tundu lenye usaha.

Mkazi wa Igombe

Nawashukuru sana. Tunatafuta usafiri sasa hivi. Nimwambie nini mama, na je, kuna lolote la kufanya kabla ya kufika?

Muuguzi mstaafu, Nyamagana

Mwondoleeni majani yote. Chemsheni nusu lita ya maji, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha mwoshe mguu bila kukamua tundu, maana kukamua husukuma usaha ndani zaidi. Funikeni kwa shashi safi au kitambaa kilichopigwa pasi, na mguu uinuliwe mkiwa njiani.

Mama mchukueni mwende naye. Mhudumu anahitaji kujua ni majani gani yametumika na kwa siku ngapi, na mwenye kuyaeleza vizuri ni yeye. Michubuko ya juu juu anaweza kuendelea kuiosha kwa maji safi yaliyochemshwa kama alivyozoea. Lililotoboa nyama na kuanza kuvimba ndilo la kupelekwa mapema.