Kumpeleka mama Kaboya kwenye kaburi la kaka yake: nianzie wapi?

Mpwa wa Singida
Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Mjomba wangu aliondoka Singida mwishoni mwa 1978 na mgambo wenzake kwenda kumtoa Idi Amin Kagera. Hakurudi. Imebaki picha yake moja, mama ameifunga kwenye kipande cha khanga. Nyuma kuna namba ya jeshi kwa wino, tarakimu mbili za mwisho zimefutika. Mwaka 2013 tulisikia redioni Rais Kikwete yuko Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita hiyo, kwa Siku ya Mashujaa. Mama akaacha kuchambua mchele, akasema, "Huko ndiko aliko." Sasa ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na anachoomba kwangu ni Kaboya tu. Raia wa kawaida anaruhusiwa kuingia? Tukitokea Mwanza tunashukia wapi?

Wa Muleba
Karibuni sana kwetu. Pandeni basi la Bukoba, mkishapita Muleba mjini kondakta awashushe njia ya Kaboya. Lile ni eneo la jeshi, kwa hiyo bebeni vitambulisho, mjieleze getini, na msipige picha bila ruhusa. Wamelala mashujaa 619 pale. Andika majina yake yote matatu, maana jina moja halitatosha.

Mstaafu JWTZ
Marahaba mwanangu. Pole na mpe pole mama. Mimi nilikuwepo. Tulipofika Kyaka daraja lilikuwa limeshalipuliwa, ng'ambo kimya, maji yanapita tu. Kijana niliyekuwa nagawana naye sahani hakuiona Kampala ikianguka Aprili 1979, na mpaka leo nikila ugali namkumbuka. Hiyo namba ipeleke hivyohivyo ilivyo, pamoja na jina la kijiji chake. Na usingoje Julai 25. Sherehe za Siku ya Mashujaa huwa na gwaride, viongozi, mkuki na ngao, sime, mashada. Mama anahitaji kukaa chini na kaka yake bila kuharakishwa. Nendeni siku ya kawaida, asubuhi.

Mpwa wa Singida
Asante sana mzee. Nimemsomea mama yote. Nilipofika pa sahani alinyamaza kidogo, kisha akanituma mfuko wa kaki. Anataka kuchota udongo wa kaburi la bibi ampelekee mwanawe. Wa Muleba, getini watakubali?

Wa Muleba
Waelezeni mapema, kama mlivyotueleza sisi. Mkijua siku niambie, nije kuwapokea Muleba. Mama asitembee na magoti hayo.