Picha ambazo Rembrandt alijichora mwenyewe: je, tunasoma moyo wake au tunasoma wasifu wake?

Mwalimu wa Rangi aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari, na muhula huu nimepanga kuwaonyesha wanafunzi wangu picha ambazo Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, alijichora mwenyewe, kuanzia ujana wake mjini Leiden hadi mwaka 1669 alipofariki Amsterdam. Ukijumlisha za rangi za mafuta, chapa za bamba la shaba na michoro ya karatasi, zinafika takriban 80, na sidhani kama yupo mchoraji mwingine wa zama zake aliyejitazama mara nyingi kiasi hicho.

Tatizo langu ni maelezo yanayoambatana nazo. Karibu kila mwandishi anazieleza kana kwamba ni shajara ya moyo. Kuhusu ile ya mwaka 1669 iliyopo kwenye makumbusho ya National Gallery, London, tunaambiwa kwamba uso ule umebeba huzuni ya baba aliyemzika mwanawe Titus mwaka mmoja kabla. Mimi nikiitazama namwona mzee mtulivu aliyefumbata mikono yake, na msiba siuoni. Nilipoionyesha darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza kama tungeiona huzuni hiyo iwapo tusingeambiwa kwamba Titus amekufa.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Picha ya kujichora inaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa maisha ya ndani ya msanii, na kama inaweza, ushahidi huo unakaa wapi hasa ndani ya picha?

Mtunza Nyaraka alijibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Rembrandt hakuacha shajara. Barua zake zilizosalia ni saba tu, zote za kati ya 1636 na 1639, zote kwa Constantijn Huygens, katibu wa mtawala Frederik Hendrik, na zinahusu picha za mateso ya Yesu alizoagizwa kuchora pamoja na malipo yake. Hakuna hata sentensi moja inayoeleza kwa nini alijichora. Tulichonacho ni kumbukumbu za makanisa na za wadai: mkewe Saskia alifariki 1642, mwenyewe alifilisika 1656, Hendrickje Stoffels aliyeishi naye alifariki 1663, na Titus akazikwa Septemba 1668. Watu huzibeba tarehe hizo hadi mbele ya picha, wakaitazama, wakakuta mlemle walichokuja nacho. Mwezi Machi 1669 mjane wa Titus alijifungua binti aliyeitwa Titia, lakini sijawahi kusoma mtu anayedai kwamba uso wa mwaka huo una furaha ya babu aliyepata mjukuu, ingawa ushahidi wa dai hilo ni uleule.

Zaidi ya hapo, tunajua sababu nyingine za kujichora ambazo hazihusiani na siri za moyo. Chukua zile chapa ndogo za mwaka 1630, nyingine hazizidi upana wa vidole vitatu, ambamo kijana wa miaka 24 anakunja uso, anacheka, anatoa macho na kuachama. Hayo yalikuwa mazoezi. Alihitaji kujua mshangao unafanya nini kwenye nyusi na maumivu yanafanya nini mdomoni, ili aje kuwavisha watu wa visa vya Biblia nyuso zinazoaminika, na sura isiyodai ujira ilikuwa yake mwenyewe. Mwaka huohuo alitengeneza chapa ya ombaomba aliyeketi kwenye kilima cha udongo, na ombaomba huyo ana sura ya Rembrandt. Mwanafunzi wake Samuel van Hoogstraten, katika kitabu alichochapisha 1678, aliwashauri wachoraji waigize hisia mbele ya kioo ili wawe waigizaji na watazamaji kwa wakati mmoja. Aliyefunzwa hivyo hawezi kuwa alimwona mwalimu wake akitokwa na siri kila aliposimama mbele ya kioo.

Kisha kulikuwa na wanunuzi. Mtu aliyenunua picha ya Rembrandt iliyochorwa na Rembrandt alipata vitu viwili kwa bei ya kimoja, yaani sura ya mtu mashuhuri na kazi ya mkono wake. Mfalme Charles I wa Uingereza alikuwa nayo mojawapo kabla ya 1640. Ile ya mwaka 1640 iliyopo London, ambayo kiwiko kimeegemezwa juu ya ukuta mdogo, ni mashindano ya waziwazi na wakubwa wa Italia: mwaka uliotangulia picha ya Raphael inayomwonyesha mwandishi Mwitalia Castiglione ilipigwa mnada Amsterdam, na Rembrandt aliichora upesi kwenye karatasi akaandika pembeni bei iliyofikia, gilda 3,500 (gilda ni fedha ya Uholanzi ya wakati huo). Mtu anayeandika bei pembeni ya mchoro alikuwa akiwaza nafasi yake sokoni na katika historia ya sanaa, na mavazi ya karne ya 16 aliyojivika katika picha hiyo yanathibitisha hivyo.

Mwenye Kioo alijibu:

Nakubaliana na Mtunza Nyaraka kwa sehemu kubwa, ila naona amehitimisha mapema mno. Nianze na jambo ambalo kila aliyewahi kujichora analijua. Jicho hutoka kwenye kioo likaenda kwenye turubai na kurudi, mara mamia, na baada ya saa moja misuli ya uso hulegea, pembe za mdomo hushuka, na nyusi hukunjana kwa umakini. Mchoraji mchangamfu kuliko wote duniani, akijichora kwa uaminifu, atatoka na uso wa mtu mwenye mawazo. Kwa hiyo huzuni nyingi inayosomwa kwenye nyuso hizi ni alama ya kazi tu, na ningewashauri wanafunzi waanze kwa kuiondoa kwenye hesabu.

Kinachobaki baada ya hapo ni yale ambayo mchoraji aliyachagua, na hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzangu. Tazama picha ya 1658 iliyopo kwenye makumbusho ya Frick Collection, New York. Ndiyo kubwa kuliko zote alizojichora, urefu wake ni zaidi ya mita moja na robo. Mwaka huo nyumba yake ya Breestraat, aliyoinunua 1639 kwa gilda 13,000, iliuzwa ili kulipa wadai, baada ya mali yake kuorodheshwa kitu baada ya kitu na kupigwa mnada. Katika hali hiyo amejichora ameketi akitutazama usoni, amevaa vazi la rangi ya dhahabu, mkono mmoja umelala juu ya kiti na mwingine umeshika fimbo, kama mfalme anayesubiri wajumbe wamfikie. Ukiitafuta aibu ya mtu aliyefilisika, hutaiona. Lakini siwezi kusema kwamba picha hiyo haina maisha ya ndani. Inatuambia ni kitu gani alikataa kukikubali, na kukataa nako ni tendo la nafsi, hata kama alikuwa na mnunuzi akilini.

Ile ya 1669 anayoiulizia Mwalimu ina ushahidi wa aina nyingine. Picha za eksirei zilizopigwa na watafiti wa makumbusho zimeonyesha kwamba awali mikono haikuwa imefumbatwa. Alikuwa ameshika brashi, na kofia yake ilikuwa kubwa zaidi. Baadaye aliifuta brashi, akakutanisha mikono, akaipunguza kofia. Tofautisha na ile ya Kenwood House, London, ya miaka ileile ya mwisho, ambamo anasimama na ubao wa rangi na brashi zake, mkono wenyewe ukiwa umechorwa kwa viharusi vichache vya haraka, na nyuma yake kuna sehemu za duara mbili ambazo wataalamu bado wanabishana zina maana gani. Huko alibakiza zana. Huku, miezi michache kabla ya kifo chake, alijivua zana akabaki mzee tu. Sijui nani angeweza kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa Titus, lakini uamuzi upo kwenye turubai, na hauhitaji wasifu ili uonekane.

Mpita Njia alijibu:

Niongeze jambo dogo kuhusu umaskini. Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi wa karne ya 19, alijichora zaidi ya mara 20 katika miaka miwili tu aliyokaa Paris, kuanzia 1886, na katika barua ya Septemba 1888 alimweleza mdogo wake, Theo, kwamba amenunua kioo kizuri makusudi ili ajichore mwenyewe kwa kukosa mtu wa kukaa mbele yake. Wengi wanaozungumzia roho yake iliyojeruhiwa huisahau sababu hiyo ya mfukoni.

Mwalimu wa Rangi aliandika:

Nawashukuru sana. Hoja ya kutazama mabadiliko badala ya kuutazama uso imenifaa. Sasa naomba kujua kama yupo msanii aliyejichora na pia kuandika, ili wanafunzi waweze kulinganisha picha na maneno yake mwenyewe.

Mkaazi wa Berlin alijibu:

Yupo, Mwalimu, na ni Käthe Kollwitz, Mjerumani aliyezaliwa 1867 na kufariki 1945. Alijichora takriban mara 100, kwa mkaa, kwa chapa na hata kwa sanamu, na aliandika shajara kwa miongo mitatu na zaidi. Mwaka 1914 mwanawe mdogo, Peter, mwenye umri wa miaka 18, alitaka kujitolea vitani, na kwa kuwa hakuwa ametimiza umri alihitaji ruhusa ya baba. Baba alisita, na mama ndiye aliyemshawishi akubali. Peter aliuawa Ubelgiji mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Kollwitz alianza karibu mara moja kubuni kumbukumbu yake. Mwanzoni Peter mwenyewe alikuwemo, amelala, wazazi wakiwa kichwani na miguuni pake. Aliiacha kazi hiyo 1919, akairudia miaka kadhaa baadaye, na ilipowekwa makaburini 1932 mtoto alikuwa ameondolewa kabisa. Waliobaki ni wazazi wawili waliopiga magoti, kila mmoja peke yake juu ya jiwe lake, baba amejikumbatia kwa nguvu na kutazama mbele, mama ameinama. Sura ni za Kollwitz na mumewe Karl. Leo sanamu hizo zipo kwenye makaburi ya Vladslo, Ubelgiji, ambako kaburi la Peter pia limehamishiwa.

Hapa wanafunzi wataweza kupima kila chanzo kinatoa nini. Sanamu peke yake inatosha kabisa kumweleza mgeni kwamba hawa wamefiwa, na kwamba msiba wenyewe umewatenganisha badala ya kuwakutanisha. Habari ya ruhusa, na lawama aliyojibebesha mama kwa miaka 18 ya kazi hiyo, haimo kwenye jiwe hata ulizunguke mara ngapi. Hiyo tunaipata kwenye shajara. Kwa hiyo mimi ningesema picha inaweza kutoa hali, lakini chanzo cha hali hiyo kinahitaji maandishi, na pale yasipokuwepo, kama kwa Rembrandt, tunapaswa kuishia kwenye hali.

Mwenye Kioo alijibu:

Naunga mkono, na napendekeza utaratibu wa somo. Waonyeshe wanafunzi ile ya 1658 na ile ya 1669 bila jina wala tarehe, uwaombe waandike kuhusu mikono tu, wasiandike lolote kuhusu macho. Wakishamaliza ndipo uwape tarehe, habari ya mnada na ile ya Titus, kisha waandike upya na kupigia mstari kila sentensi iliyobadilika. Picha zote mbili zimewekwa kwenye tovuti za makumbusho husika kwa ukubwa unaokuwezesha kuona viharusi vya brashi, kwa hiyo kompyuta moja na projekta vinatosha.