Binti yangu anaitwa Mujinga: wenye majina kama hili, tupeane uzoefu

Mama wa Ibanda (Bukavu)

Bandugu, jambo. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, komini ya Katuba, nimeolewa hapa Bukavu. Binti yangu wa miaka saba anaitwa Mujinga. Mwalimu aliposoma orodha ya majina, darasa zima lilicheka. Alirudi analia: "Mama, kwa nini mulinipa tusi?"

Mujinga ni jina la Baluba wa Kasai, kabila moja la hapa Kongo. Hatukulichagua, mtoto amekuja nalo. Kwetu mapacha ni Mbuyi na Kabanga, hakuna mjadala. Na anayezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni ni Mujinga. Binti yangu alizungukwa mara mbili, akachelewa sana kulia. Kambo yangu, mzazi wa mzazi wangu, alipopata habari kwa simu hakuuliza tumuite nani. Alisema tu, "Mujinga amefika."

Shida ni Kiswahili chetu. Watu wa pwani husema mtu, mtoto, mjinga. Sisi tunasema mutu, mutoto, mujinga, basi jina na tusi vinatoka mdomoni sawasawa. Lubumbashi watu wamezoea, Bakasai wako kule tangu wazee walipofuata kazi ya shaba na reli. Hapa jina ni adimu, na ndugu za mume wanataka tulibadilishe. Nyinyi mulifanyaje?

Mkunga wa Kadutu

Mama, nimezalisha miaka kumi na tisa. Kitovu shingoni nakikuta mara nyingi, na wengi wanatoka salama. Unapitisha kidole, unakitelezesha juu ya kichwa. Kikikaza, unakibana pande mbili na kukata palepale. Hilo ndilo jina la binti yako: linasema alivyofika, na kwamba kuna mtu alimfungua. Mwelezee kwa mikono, na kamba, ataelewa.

Nsimire (Goma)

Sisi Bashi, kabila la huku Kivu, tunayajua haya. Mimi ni Nsimire, maana yake nimeshukuru. Mama yangu ni Nabintu, mwenye vitu. Mwaka 1972, Mobutu, rais wetu wa wakati ule, alipokataza majina ya Kikristo, jina la ubatizo la mama liliondolewa kwenye karatasi, akabaki Nabintu peke yake. Tulikuwa maskini sana, na majirani walimuuliza vitu viko wapi. Iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye. Baadaye majina ya ubatizo yaliporuhusiwa, alikataa kulirudisha. Alisema amelibeba Nabintu katika njaa, halitupi sasa. Usibadilishe, dada.

Papa wa komini Kenya (Lubumbashi)

Mwonyeshe mtoto mbio za Mujinga Kambundji, mzaliwa wa Bern, Uswisi, baba yake Mkongomani. Mwaka 2022 alichukua ubingwa wa dunia wa mita 60 ndani ya ukumbi, kule Belgrade, kwa sekunde 6.96, mwaka huohuo akawa bingwa wa Ulaya wa mita 200. Jina lilitangazwa lote, na hakuna aliyecheka. Na Angola kulikuwa na malkia Njinga, aliyepigana na Wareno karne ya 17. Naye husimuliwa kwamba alizaliwa kitovu shingoni, ndiyo asili ya jina.

Tena usikubali kwamba Kiswahili hakilijui jina hili. Kina kuzinga, kina kuzingira. Huko ndiko ndugu zake waliko. Ujinga ni neno lingine kabisa, limefanana sauti tu.

Mama wa Ibanda (Bukavu)

Aksanti sana. Jana nilimwona mwalimu, akaniachia dakika kumi mbele ya darasa. Nilichukua mdoli na kamba ya viatu, kama mkunga alivyosema. Mujinga mwenyewe ndiye aliyeifungua ile kamba shingoni. Kisha mvulana mmoja akauliza kama yeye pia alizaliwa nayo, wote wakaanza kuuliza. Niliwaambia waulize nyumbani. Leo asubuhi bamama watatu wamenisimamisha njiani, watoto hawakuwaachia usingizi.

Nimempigia Kambo. Jina linabaki.